Mnunuzi wa dagaa asiyeomba kuonja

Swali limetoka kwa msomaji wa Kirumba, Mwanza. Nimelifupisha kidogo.

"Shikamoo. Nakaanga dagaa na kuwafunga kwenye pakiti za robo kilo. Nilianza miezi mitatu iliyopita, nauza Sh 5,000 kwa pakiti, kwa watu ninaofahamiana nao na kwenye maduka mawili ya Pasiansi. Kabla sijapata hata wateja wa kudumu, simu zikaanza. Wa kwanza alisema ni afisa wa viwango, kwamba nauza chakula bila alama ya ubora, faini yake ni milioni moja ila tunaweza kuyamaliza. Nilimtumia 120,000. Wa pili alikuwa na mkopo wa wajasiriamali, huyo nilimkatalia. Wa tatu ndiye ananinyima usingizi. Anasema ni afisa manunuzi wa kampuni inayolisha wafanyakazi wa mradi mkubwa huku Kanda ya Ziwa, na anataka pakiti 2,000 kila mwezi kwa 6,500 kila moja. Sharti lake ni moja tu: dagaa wawe kwenye mifuko maalumu inayouzwa na wakala mmoja wa Dar es Salaam, 900 kwa mfuko, na lazima nichukue yote 2,000 kwa mkupuo. Ni 1,800,000. Kikundi chetu cha vikoba kinaweza kunikopesha. Anataka jibu Ijumaa. Wanajuaje kwamba mimi ni mgeni kwenye biashara? Na huyu nitamjuaje kama ni wa kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la Ijumaa, maana mengine yanaweza kusubiri. Usitume hiyo 1,800,000, na hela ya kikundi usiiguse. Huyo si mnunuzi. Simjui wala sijasikia sauti yake, lakini yaliyomo kwenye barua yako yananitosha, na nitakuonyesha ninachokiona ili siku nyingine ukione mwenyewe bila kuniuliza.

Angalia kwanza bei. Wewe unauza 5,000 kwa mtu anayechukua pakiti moja au mbili. Huyu anataka 2,000, tena kila mwezi, na badala ya kuomba punguzo amekuongezea 1,500 juu ya kila pakiti. Unaishi Kirumba, unajua watu wanavyonunua pale mwaloni. Anayechukua gunia moja anabishana na mwenye dagaa hadi jua linamkuta pale. Anayepakia lori zima ndiyo kabisa, anataka bei ambayo mwenye mali akiikubali anaondoka amenuna. Mnunuzi wa jumla anayempandishia muuzaji bei bila kuombwa, mimi sijamwona. Anayefanya hivyo hana mpango wa kulipa, kwa hiyo bei yoyote atakayoitaja haimuumi.

Halafu angalia hesabu aliyokuachia kichwani. Pakiti 2,000 kwa 6,500 ni milioni 13 kwa mwezi. Ukishaanza kuota milioni 13, hiyo 1,800,000 ya mifuko inakuwa ndogo, na tena inavaa sura ya gharama ya kawaida ya biashara. Hapo ndipo ufundi wake ulipo. Hajakuomba hata shilingi. Amekupa kazi, na kazi yenyewe ndiyo inayokutuma ukalipe kwa mtu wa pili ambaye kwa maelezo yao hawajuani. Ukimpigia wakala atakupokea kibiashara kabisa, pengine atakwambia mifuko iliyobaki si mingi, pengine atajidai kukukatalia ili umbembeleze. Hao ni lao moja, na mara nyingine ni mtu mmoja mwenye laini mbili.

Mchezo huu si mgeni nchini. Watu wengi waliliwa kupitia dawa ya mifugo: kuna shirika au mzungu anaitafuta dawa fulani kwa udi na uvumba, haipatikani ila kwa bwana fulani, wewe nunua kwake kwa bei hii uje umuuzie kwa bei ile. Ukishanunua, mnunuzi hapatikani tena kwenye simu na umebaki na chupa ya kitu usichokijua. Siku hizi kinachobadilika ni bidhaa tu. Fundi cherehani anaambiwa kitambaa maalumu cha sare, mwenye steshenari anaambiwa wino wa printa wa aina moja, wewe umeambiwa mifuko. Kila mara kuna kitu kimoja ambacho ni lazima, kinapatikana kwa mtu mmoja, na huyo mtu umeonyeshwa na mnunuzi mwenyewe. Ukikuta vitu hivyo vitatu viko pamoja, huna haja ya kuendelea kuchunguza.

Lakini kilichonishtua zaidi kwenye barua yako ni kitu ambacho hukukiandika. Hujasema kama ameonja.

Anayenunua chakula cha wafanyakazi wa mradi analaumiwa yeye wakiumwa matumbo. Mtu wa namna hiyo angeomba pakiti tatu au nne za mfano kabla ya neno lolote kuhusu mifuko. Angefungua moja, angenusa, angewatafuna taratibu asikilizie mchanga kwenye meno, maana dagaa wetu wakianikwa chini ufukweni mchanga hauwaachi, na mpishi yeyote wa kando ya ziwa anajua. Angepitisha kidole ndani ya mfuko aone mafuta yaliyobaki ni mengi kiasi gani. Pakiti moja angeiweka kabatini wiki mbili aone kama inachacha. Angekuuliza unawanunua kwa nani, walianikwa kwenye chanja au mchangani, umewakaanga lini, na mbona pakiti haina tarehe ya mwisho wa matumizi. Na kabla ya yote hayo angeuliza unaweza kukaanga kilo ngapi kwa siku. Pakiti 2,000 za robo ni kilo 500 za dagaa waliokwisha kukaangwa. Una karai ngapi, mdogo wangu? Mtu anayetegemea mzigo huo ulishe watu angeogopa kuuagiza kwa mtu mwenye miezi mitatu kazini. Huyu haogopi kwa sababu hautegemei.

Ikiwa bado moyo unakusumbua, na najua unakusumbua kwa sababu ulikwisha kuziona hizo hela, mpe jambo moja la kujibu. Mwambie kampuni yake ikuletee mifuko hiyo yenyewe, wakate gharama yake kwenye malipo yako ya kwanza. Kwa kampuni ya kweli hilo linazungumzika. Tena wangependelea hivyo, wapate mifuko wanayoitaka hasa. Au mwambie uanze na pakiti 50 kwenye mifuko yako ya sasa, alipe zikipokelewa. Tapeli hapo atabadilika. Atakuwa mkali, au atakuwa mpole wa kukuonea huruma, kwamba kuna mama wa Musoma yuko tayari na nafasi inamwendea.

Kuhusu kumhakiki kwa njia za kiofisi: muulize jina kamili la kampuni na ulitafute mtandaoni kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili kampuni na majina ya biashara. Lisipokuwepo, habari imeisha. Likiwepo, habari haijaisha, kwa sababu mwizi anaweza kuazima jina la kampuni iliyo hai kabisa. Hapo tafuta namba ya ofisi yao kwa njia zako mwenyewe, usipige ile aliyokupa yeye. Na kama mradi uko huku huku Kanda ya Ziwa, panda basi uende hadi getini uwaulize walinzi nani anapikia watu humo ndani. Nauli ya kwenda na kurudi ni hela ndogo sana ukiiweka kando ya 1,800,000. Akikwambia ni mradi wa serikali ndiyo rahisi zaidi: tangu 2023 taasisi za umma zinanunua kupitia mfumo wa NeST, na muuzaji anajisajili humo mwenyewe. Afisa manunuzi wa umma hakugawii tenda WhatsApp. Akikutumia picha ya LPO, yaani hati ya oda, yenye nembo na muhuri wa bluu, kumbuka mihuri inachongwa mjini na nembo mtu anaipakua tu mtandaoni.

Sasa swali lako la kwanza: wanajuaje kwamba wewe ni mgeni?

Kwa sehemu kubwa umewaambia wewe, na hukuwa na namna, kwa sababu biashara isiyotangazwa haiuzi. Namba yako iko kwenye stika ya pakiti. Iko kwenye stetasi yako pamoja na yale maneno ya "tumefungua rasmi, karibuni sana". Unajua wavuvi wa dagaa wanavyofanya usiku usio na mwezi: wanawasha taa juu ya maji na dagaa wanajileta. Tangazo la biashara mpya linafanya kazi hiyo hiyo, linavuta wateja na linavuta na hao wengine, na huwezi kulizima. Unachoweza ni kuwa na laini mbili, moja ya matangazo na nyingine ya pesa, na ile ya pesa usiiandike popote. Hilo peke yake linapunguza mengi.

Kuna njia nyingine ambayo itakuhusu siku ukipata fremu. Sheria inataka leseni na cheti cha TIN, ile namba ya mlipakodi, vining'inizwe mahali panapoonekana. Mtu anaingia, anaagiza soda, anajifanya anaongea na simu, kumbe anapiga picha ukuta. Kesho yake unapigiwa na mtu anayekutajia jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya leseni na tarehe ulipoipata. Unatetemeka, unaamini yuko ofisini na faili lako liko mbele yake, kumbe anasoma ile picha aliyoipiga dukani kwako. Kwa hiyo mtu kujua mambo yako kusikuaminishe kwamba ametumwa na ofisi.

Wapo pia vishoka, wale wanaokaa karibu na ofisi za serikali kusaidia watu kujaza fomu. Wengine ni vijana wanaojitafutia riziki kwa haki. Lakini kila unayempa kazi hiyo anabaki na nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, namba ya simu, pengine na nywila ya akaunti uliyofunguliwa. Jina la biashara unaweza kulisajili BRELA mwenyewe kwa simu ukikaa chini na mtu anayejua kidogo kompyuta. TIN nayo inatolewa bure. Aliyekudai "ada ya TIN" amekuanza mapema.

Na lipo jingine, ambalo sipendi kulisema lakini ni bora nilikwambie. Ulipotuma ile 120,000, namba yako ilipata thamani. Mtu aliyelipa mara moja kwa kuogopa anahesabiwa kuwa analipika, na namba za watu kama hao zinapitishwa mkono kwa mkono. Nikiangalia simu zako zilivyofuatana, kitisho, kisha mkopo, kisha oda, naona watu wanaokujaribu kwa chambo tofauti: hofu imefanya kazi, shida haikufanya kazi, tujaribu tumaini. Inawezekana sana ni kundi moja.

Lakini chini ya hayo yote, sababu wanampenda mgeni ni kwamba hajui kawaida ya kazi yake. Mwenye duka wa miaka kumi pale Mlango Mmoja akipigiwa na "afisa", anajua ofisi yake iko wapi, huwa wanakuja miezi gani, wanaandika karatasi ipi na pesa inapita wapi. Akisikia kitu kimoja kimepinda anakata simu. Kwako wewe kila simu ni ya kwanza, kwa hiyo anayepiga ndiye anakufundisha kawaida ni ipi, na anakufundisha inayomfaa yeye. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa si wa kuwa mkali wala kumshuku kila mtu. Jifunze mapema ni nani hasa wana haki ya kukudai, wanakudai lini na unalipaje. Ni mchana mmoja wa kuzunguka ofisini. Wacha nikuanzishie.

Viwango. Chakula kiko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Kabla ya hapo kilikuwa TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, kwa hiyo leo akikupigia mtu anayejiita afisa wa chakula wa TFDA, amechelewa na habari. TBS wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza. Na hili ndilo lililoniuma kwenye barua yako: kwa mjasiriamali mdogo kama wewe, njia ya kupata alama ya ubora inapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wao wanakupa barua ya kukutambulisha, na gharama za alama kwa miaka mitatu ya mwanzo zinabebwa na serikali. Wewe ulilipa 120,000 ili usipate kitu ambacho ungekipata bure. SIDO wako Nyakato. Baada ya maombi, wakaguzi wanakuja kuona unapokaangia, wanachukua sampuli zinaenda maabara, unaambiwa cha kurekebisha. Ni safari, inachukua muda, na kuna mahali utachoka. Lakini mwanzo hadi mwisho hakuna mahali ambapo mtu anakupigia simu na kukutoza faini, na kumalizana kwa simu hakupo kabisa.

Kodi. TRA wanakufanyia makadirio ukiwa umekwenda ofisini kwao au kupitia akaunti yako, na kodi ya mwaka inagawanywa mara nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ziandike tarehe hizo ukutani kwako. Mtu akikupigia katikati ya Mei kwamba unadaiwa leo leo, tayari una cha kumuuliza. Leseni ya biashara yako ni ya Manispaa ya Ilemela, na siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI.

Kote huko malipo ni kwa kontroo namba. Hapa nikae kidogo, kwa sababu watu wengi wamesikia kwamba "serikalini unalipa kwa kontroo namba" na wakadhani wakishapewa namba ndefu basi wako salama. Namba inatolewa na mfumo kwa deni fulani la mtu fulani. Kwa hiyo hata ikiwa ya kweli, inaweza kuwa ya deni la mtu mwingine, ukalipa na ukawa umemlipia yeye, na deni lako likabaki pale pale. Namba ya kulipia ichukue mwenyewe, kwenye akaunti yako ya mfumo husika au dirishani, usipokee ya kutumiwa na mtu kwa meseji. Na kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayelipwa. Lisome. Likiwa la mtu binafsi, acha hapo hapo, hata kama mwenye kupiga anakwambia huyo ndiye mhasibu wao au kwamba mfumo uko chini leo. Mfumo ukiwa kweli uko chini, deni linasubiri hadi uamke.

Jina la mtu kutokea kwenye simu pia lisikupe imani. Linalotokea ni jina la aliyesajili laini, na laini nyingi za utapeli zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Ukiona ambayo si yako, nenda kwenye duka la mtandao huo waifute.

Kuhusu yule wa mkopo, ulifanya vizuri, sina cha kuongeza sana. Mkopo unaoanza kwa wewe kutuma pesa, iitwe ada ya fomu au bima, haupo. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ipo kweli, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Inaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na huyo unaweza kumfuata kwa miguu. Zile programu za simu zinazokupa hela kwa dakika mbili na kisha kuwatumia ndugu zako wote meseji za aibu, kaa nazo mbali. Mkopeshaji halali ana leseni ya Benki Kuu na haoni shida kukuonyesha.

Biashara ikikua watakuja na njia nyingine, nikutajie mbili. Ya kwanza ni meseji ya muamala ya uongo. Mteja anachukua pakiti kumi, simu yako inalia, meseji inasema umepokea 50,000. Inafanana kila kitu, hadi salio jipya, ila imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, au mteja anakuonyesha ya kwenye simu yake tu. Usiangalie meseji, angalia salio lako kwenye menyu. Mwambie mteja asubiri, na asikutie haraka. Mteja wa kweli naye angependa ujue amelipa. Ukipata msaidizi mfundishe hili kabla hujamfundisha kukaanga, kwa sababu wanavizia saa ambazo mwenye biashara hayupo. Ya pili ni tarakimu sita za WhatsApp. Mtu anajifanya amekosea, anaomba umsomee namba iliyoingia kwenye simu yako. Ukimsomea, akaunti yenye wateja wako wote inahamia kwake, na ndani ya saa moja anawaomba hela kwa jina lako. Ingia kwenye mipangilio uwashe uthibitishaji wa hatua mbili leo.

Sasa ile 120,000. Imepita muda, na sitakudanganya, uwezekano wa kuirudisha ni mdogo. Pesa za namna hii hutolewa kwa wakala dakika chache baada ya kuingia. Kama ungegundua ndani ya saa ile ile, ungepiga huduma kwa wateja wa mtandao wako wazuie, na lishike hilo kwa siku nyingine. Hata hivyo fanya mawili. Tuma ile namba na meseji zake kwenda 15040, ndiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakopokea taarifa za namba za matapeli. Na uende kituo cha polisi na karatasi ya muamala upate RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kesi inaweza isifike popote, lakini namba ikiripotiwa na watu wengi inafungwa. Usifute kitu chochote kwenye simu. Na jihadhari na huyu anayekuja baadaye: atakupigia mtu akisema anafanya kazi kwenye mtandao wa simu au kitengo cha makosa ya mtandao, ameiona pesa yako, anaweza kuirudisha ukilipia kidogo. Huyo ni wa kundi lile lile.

Jambo jingine, nalisema kwa upole. Kwenye barua yako yote hujataja kwamba umemwambia mtu. Matapeli wanaishi kwa hilo. Anayekuhimiza usimwambie mtu kwa sababu "tenda ni ya siri" anajua kwamba mama yako, asiyejua lolote kuhusu vifungashio, angeuliza swali moja tu na mpango wote ungeanguka: kwa nini anayenunua anakutoza wewe? Jiwekee utaratibu kwamba pesa ya biashara ikizidi kiasi fulani, tuseme 50,000, haitoki kwa mtu mpya kabla hujamsimulia mtu wa pili na kabla hakujakucha. Na kwenye kikao kijacho cha kikundi wasimulie yote mawili, la 120,000 na la mifuko. Usione haya. Ninavyowajua watu hawa, hawapigi simu moja tu mtaani. Sitashangaa ukikuta mwenzako hapo kikundini anaombwa anunue stika au chupa.

Ijumaa usisubiri apige. Mtumie wewe ujumbe asubuhi, mfupi, bila matusi na bila kumwambia kwamba umemshtukia, kwa sababu watu hawa wanajua mitaa yetu na huna haja ya ugomvi nao:

"Habari za asubuhi. Nimeikubali oda. Kwa sasa naanza na pakiti 50 kwenye mifuko yangu, Sh 5,000 kwa pakiti, malipo mkinipokelea mzigo. Mifuko maalumu kampuni iilete, mtaikata kwenye malipo. Naomba jina la kampuni lililosajiliwa na mahali ofisi ilipo nije na mfano wa kuonja."

Ukishautuma, panda daladala ya Nyakato uende SIDO ukawaulize kuhusu barua ya TBS. Beba pakiti mbili za dagaa wako, watataka kuziona.